Geji ya mafuta kwenye pikipiki ya zamani: anza na boya, nyaya zije baadaye

Watu wengi wakitaka kufunga geji ya mafuta huanza kwa kununua geji. Wameipenda sura yake, duara dogo lenye E (tupu) na F (kujaa) na taa ya buluu kwa nyuma, ndipo wanaanza kutafuta pa kuichomeka. Mimi nakwenda kinyume. Geji haijui kama kuna petroli duniani. Inachokijua ni ukinzani wa boya lililomo tankini, basi. Ukiipa omu (kipimo cha ukinzani) inazozitarajia itakwambia kweli. Ukiipa omu nyingine itakudanganya huku imekukazia macho, na wewe ndiye utakayesukuma pikipiki. Kwa hiyo kwangu boya ni la kwanza, geji inafuata, na nyaya ni za mwisho kabisa, tena ndizo kazi nyepesi.

Mfano nitakaoutumia ni Honda CB yangu ya miaka ya 1970, ambayo ilitoka kiwandani bila geji. Ilichokuwa nacho ni koki ya mafuta yenye nafasi tatu: funga, fungua na rizevu, yaani akiba. Mfumo huo hauna ubaya, ila unadai kumbukumbu. Ukiisahau koki kwenye rizevu tangu juzi, huna akiba tena na hakuna wa kukuambia. Nilitaka mshale, na koki nikaiacha palepale ilipo. Hata wewe usiiondoe.

Geji inasoma nini hasa

Boya la kawaida ni kifaa rahisi, na ndiyo maana hudumu. Kuna kipande cha plastiki au kikopo cha shaba kinachoelea, kimeshikwa na mkono wa waya mgumu. Mkono ukipanda na kushuka, kwenye upande wake wa pili ulimi mdogo wa shaba unateleza juu ya waya mwembamba sana uliozungushwa kwenye kibao. Umeme unatoka betri, unapita kwenye geji, unashuka hadi kwenye boya, unapita sehemu ya huo waya mwembamba na kuishia ethi, yaani upande wa fremu. Ulimi ukisogea, njia inakuwa fupi au ndefu, omu zinapungua au zinaongezeka, na mshale unafuata.

Shida ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana. Geji na maboya ya kuongezea ya Marekani kwa kawaida hutumia omu 240 tanki likiwa tupu na 33 likiwa limejaa. Magari mengi ya zamani ya General Motors yalikuwa 0 kwa tupu na 90 kwa kujaa. VDO ya Ujerumani ni maarufu kwa 10 tupu na 180 kujaa. Pikipiki nyingi za Japani zinaangukia karibu na omu 100 tupu na 10 au pungufu zikijaa, ingawa kila modeli ina yake. Geji ndogo za dijitali za siku hizi mara nyingi hukuachia uchague mwenyewe, na chaguo linalokutwa sana ni kati ya omu 100 na 510.

Angalia mwelekeo pia, usiangalie ukubwa wa namba peke yake. Boya la Kijapani hushusha omu tanki linapojaa, la VDO huzipandisha. Ukioanisha la huku na geji ya kule, mshale utakwenda kinyumenyume: ukijaza, unaonyesha tupu. Hakuna risista, kile kipande kidogo cha kuongeza ukinzani, itakayogeuza mwelekeo huo. Rudisha kimoja kati ya viwili.

Basi kabla hujakata waya wowote, pima. Boya langu nilitoa kwenye tanki bovu la pikipiki nyingine. Nililaza mezani, nikaweka multimita, ile mita ya kupimia umeme, kwenye omu 200, ncha moja kwenye waya wa boya na nyingine kwenye bati lake. Kwanza gusisha ncha zenyewe kwa zenyewe uone mita inasoma ngapi, maana nyaya za mita huwa na sehemu ya omu yake. Uitoe kwenye kila kipimo. Kisha pandisha mkono wa boya taratibu, kwa kidole kimoja, ukitazama namba. Langu lilianza 95 chini likaishia 8 juu. Namba zinatakiwa zitembee kwa hatua ndogondogo bila kukatika. Zikifika mahali zikatoweka, mita ikaonyesha kwamba hakuna njia, halafu zikarudi, pale waya wa ndani umechakaa au umeota kutu ya kijani. Jaribu dawa ya kusafishia swichi na burashi laini. Langu lilikuwa na doa kama hilo katikati na dawa ililitoa. Lisipotoka, boya hilo litakupa geji inayoonyesha vizuri ikijaa, inazimia ikifika nusu, kisha inafufuka ikikaribia robo, achana nalo.

Risista ya kusaidia, na mwisho wa msaada wake

Ikiwa una boya la 240 hadi 33 na geji inayotaka 100 hadi 10, utasikia ushauri wa kuweka risista sambamba na boya. Ushauri ni wa kweli nusu. Ukiunganisha risista ya omu 180 kati ya waya wa boya na ethi, tanki tupu litasoma kama 103 badala ya 240, na hapo E imekaa mahali pake. Lakini upande wa kujaa 33 inakuwa 28, na geji ilitaka 10. Maana yake mshale hautafika F hata petroli ikimwagika shingoni. Utakwama kwenye robo tatu na ushei. Nusu tanki nalo, ambalo boya hilo husoma karibu 103, litaonekana kama zaidi kidogo ya theluthi.

Kwangu mimi hiyo inakubalika, kwa sababu kosa limeegemea upande salama: geji inasema mafuta ni machache kuliko yaliyopo. Kinachonitisha ni kosa la upande wa pili. Ukifanya hivyo tumia risista ya wati 1, uifungie karibu na geji na si chini ya tanki, halafu uivishe mpira wa kusinyaa kwa joto. Lakini kama bado hujanunua geji, pima boya kwanza ununue geji ya omu hizohizo. Hesabu yote hiyo juu utaiepuka.

Tanki lenye tundu na tanki lisilo na tundu

Pindua tanki uangalie chini. Baadhi ya matanki ya zamani yana kibati kilichofungwa kwa nati nne au sita mahali ambapo modeli nyingine ya aina hiyo ilikuwa na boya. Ukikiona, umepona, tafuta boya la modeli hiyo.

Langu halikuwa nacho, kwa hiyo ilibidi lichomelewe kibati chenye skrubu nne upande wa kushoto chini. Sikulichomelea mwenyewe na wewe usijaribu. Tanki lililomwagwa petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke huo hubaki kwenye mikunjo ya bati muda mrefu baada ya pua yako kuacha kuusikia. Mpe mtu wa matanki anayejua kuliosha, kisha kulijaza maji au gesi isiyowaka kabla moto haujasogea. Drili nayo hutoa cheche. Kazi ya kumwaga mafuta ifanyie nje, penye upepo, mbali na jiko na hata sigara ya jirani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kwenda mbali.

Kama hutaki tanki liguswe na moto, kuna njia mbili za kando. Ya kwanza ni mrija wa kuonea, ule wa plastiki ngumu inayostahimili petroli, unaochomekwa kwenye kiungo cha T chini ya koki na kusimamishwa ubavuni mwa tanki. Mafuta yanasimama mrijani kwa kimo kilekile yalichosimama tankini. Hauna umeme na hauharibiki, ila usiku huoni kitu, na mguu ukiugonga utavuja. Ya pili ni taa ya akiba, ambayo nitaigusa chini.

Kuna pia maboya yasiyo na mkono, fimbo tu inayopima mafuta kwa kapasita, yaani kwa kiasi cha chaji ya umeme inachoweza kushika. Ni mazuri kwenye matanki membamba lakini hayapendi mabadiliko ya mafuta: petroli iliyochanganywa ethanoli husomeka tofauti na petroli tupu, na maji yakitulia chini ya tanki ndiyo kabisa, geji inapazwa juu bila sababu. Kwa pikipiki ya zamani nabaki na mkono na ulimi wa shaba.

Kupanga mkono wa boya

Hapa ndipo nawaomba watu wasiwe na haraka, kwa kuwa ndipo geji nzuri hutofautiana na pambo.

Tanki la pikipiki limekaa juu ya bomba la fremu kama tandiko juu ya mgongo wa punda, kwa hiyo ndani lina nundu katikati na mifuko miwili inayoning'inia pembeni. Boya likiwa mfuko wa kushoto, mkono wake usiguse nundu hiyo unapopanda, wala usiguse mrija wa koki. Lifunge kwa nati mbili tu bila gasketi, geuza tanki huku na huku, usikilize. Mlio wa chuma kugonga bati maana yake mkono unahitaji kukunjwa kidogo. Ukunje kwa koleo mbili, moja ikishika karibu na mhimili ili nguvu isifike kwenye ulimi.

Sasa swali: E iwe wapi? Wengi huiacha iwe chini kabisa, pale boya linapolala sakafuni mwa tanki. Mimi naiweka pale rizevu inapoanza. Weka tanki kwenye pikipiki likiwa tupu, pikipiki isimame wima kwenye stendi ya katikati, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta na uuelekeze kwenye chombo, koki iwe kwenye nafasi ya kawaida. Mimina petroli kwa kipimo cha nusu lita nusu lita, ukiandika, mpaka yaanze kutoka mpirani. Funga koki hapo hapo. Kimo hicho ndicho mwisho wa mafuta ya kawaida na mwanzo wa akiba. Pima omu za boya sasa. Ukikuta 70, na geji yako inaita tupu kwenye 100, mkono unatakiwa ukunjwe upande wa boya uelekee juu kidogo, ili kwa kimo hicho hicho cha mafuta mkono wenyewe ushuke zaidi kwenye mhimili. Utalitoa na kulirudisha, na kila ukilitoa umwage mafuta kwanza. Inachosha. Lakini ukimaliza, mshale ukigusa E unajua kwamba ni wakati wa kugeuza koki, na kwamba una zile lita ulizoziandika.

Mkono ukiwa sawa, funga moja kwa moja. Gasketi iwe ya mpira wa nitraili au Viton. Silikoni ya madirishani petroli huivimbisha ikawa kama uji na vipande vyake vikaishia kwenye kabureta. Kaza nati kwa kupishana, ya huku kisha ya mkabala wake, kidogo kidogo. Skrubu zile ni nyembamba na zikikatika unarudi kwa mchomeleaji. Tia lita mbili, weka kadibodi kavu chini, iache ilale hivyo hadi kesho yake. Doa la petroli kwenye kadibodi huonekana hata likishakauka, kwa mzunguko wake.

Umeme wa pikipiki yenyewe

Kabla ya kuunganisha chochote jibu mambo matatu kuhusu pikipiki yako.

Ni volti ngapi? Nyingi za zamani, hasa ndogo, ni za volti 6, na geji ya volti 12 humo haitasoma sawasawa au haitawaka kabisa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6, injini ikiwa kwenye mwendo inatakiwa kupanda hadi 14 na kitu. Ikipita 15 dhibiti chaji kwanza, la sivyo geji ya dijitali haitakaa. Na usiendeshe pikipiki hiyo betri ikiwa imekufa au imeondolewa, kwani betri ndiyo inayotuliza volti.

Ethi ni upande gani? Pikipiki za Kijapani ethi yake ni hasi. Lakini Triumph, BSA na Norton nyingi za zamani za Uingereza zimefungwa kinyume: chanya ndiyo iko kwenye fremu. Geji za kisasa hutaka hasi. Usidhani utaidanganya kwa kubadilishana nyaya zake mbili, kwa kuwa mwili wa chuma wa geji ukigusa fremu tayari ni shoti. Kwenye pikipiki ya namna hiyo, ama utafute geji inayokubali ethi ya chanya, ama umwone mtu wa kugeuza mfumo mzima.

La tatu ndilo linalowanasa wengi: umeme wa taa kubwa unatoka wapi? Kwenye pikipiki nyingi ndogo za zamani taa kubwa hailishwi na betri bali moja kwa moja na koili ya injini, na umeme huo ni wa kwenda na kurudi. Ukiipa geji umeme huo, mshale utatetemeka na taa yake itafifia injini ikinguruma polepole. Njia ya kujua: weka mita kwenye volti za DC (umeme wa njia moja, kama wa betri), washa ufunguo bila kuwasha injini. Waya unaoutaka unasoma 12 hapo hapo, na ukizima ufunguo unarudi sifuri. Waya usiosoma kitu mpaka injini iwake, uache.

Rangi husaidia kuanzia. Kwenye Honda waya mweusi ndio hupata umeme ufunguo ukiwashwa, na kijani ni ethi. Yamaha: kahawia na mweusi. Suzuki: rangi ya chungwa, na ethi ni mweusi wenye mstari mweupe. Kawasaki: kahawia, na ethi mweusi wenye mstari wa njano. Umeona mwenyewe: mweusi wa Honda ni umeme na mweusi wa Yamaha ni ethi. Tena pikipiki ya umri huo imepita mikono mingi, na kila mkono uliacha kipande cha waya wa rangi uliyokuwa nayo siku ile. Rangi ni tetesi; mita ndiyo inayothibitisha.

Kuvuta nyaya

Chomoa hasi ya betri. Geji ya kawaida ina miguu mitatu na taa: mguu wa umeme, unaoandikwa I, IGN au alama ya kujumlisha; mguu wa boya, unaoandikwa S; na mguu wa ethi, G au alama ya ethi. Waya wa milimita za mraba 0.5 unatosha, 0.75 ukitaka uimara wa kuvutwa. Geji haili hata nusu ampea.

Waya wa umeme uchukue kwenye ule uliouthibitisha, ndani ya chungu cha taa kubwa au chini ya kiti, popote unapofikika. Weka fyuzi ya ampea 1 au 2 karibu kabisa na pale ulipouchukulia. Fyuzi iliyokaa karibu na geji inailinda geji lakini inauacha waya mzima wazi, na waya ndio unaokwangulika kwenye fremu.

Waya wa boya unatoka mguu wa S hadi tankini, moja kwa moja, haushikani na kitu kingine njiani.

Ethi sasa. Tanki limekalia mipira, mbele na nyuma, na limepakwa rangi. Kwa umeme, tanki hilo liko angani. Kwenye gari boya hupata ethi kupitia bodi. Kwenye pikipiki haliipati, au linaipata leo na kesho haliipati kutegemea tanki limegusa wapi. Kwa hiyo boya lipe waya wake wa ethi. Nilikwangua rangi chini ya nati moja ya boya mpaka bati likang'aa, nikaweka kishikio cha duara, juu yake washa yenye meno, nikakaza, kisha nikapaka grisi kuzuia kutu. Waya huo na ule wa ethi ya geji viende sehemu moja: skrubu moja ya fremu iliyokwanguliwa vizuri, au hasi ya betri yenyewe. Geji na boya zikiwa na ethi mbili tofauti, kila unapowasha indiketa mshale utacheza nayo.

Weka soketi ya kuchomoa karibu na tanki, ili siku ya kuondoa tanki usikate kitu. Pitisha nyaya mbali na silinda na ekzosi, na pale kwenye shingo ya usukani acha ulegevu. Kisha geuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, ukishika nyaya kwa mkono. Zikikazika upande wowote zitakatika ndani ya mpira siku moja na utahangaika kuzitafuta, kwa sababu kwa nje zitaonekana nzima. Viungo vyote nilivichomea risasi mezani kabla ya kuvipeleka kwenye pikipiki. Chuma cha kuchomea risasi hakisogei karibu na tanki.

Jaribio kabla ya kufunga

Jitengenezee boya la uongo: risista tatu za omu 10, 47 na 100. Rudisha betri, soketi ya tanki ikiwa imechomolewa, washa ufunguo. Kwa geji ya 100 hadi 10, mguu wa S ukiwa hewani mshale uwe E. Unganisha S na ethi kupitia risista ya 100: E. Ya 47: juu kidogo ya nusu. Ya 10: F. Ikifanya hivyo, geji na umeme wake ni wazima, na lolote litakalotokea baadaye ni la boya au la ethi yake. Geji ya VDO itafanya kinyume, ikiwa hewani itakwenda F.

Jambo moja usilifanye kamwe: usipeleke volti 12 moja kwa moja kwenye boya ukitaka kuona kama linafanya kazi. Geji ndiyo inayopunguza mkondo unaofika tankini. Ukiruka geji, waya ule mwembamba unaungua, na unaungua ndani ya tanki la petroli. Boya hupimwa kwa omu peke yake.

Chomeka soketi, tia mafuta lita kwa lita, na kila lita uandike mshale uko wapi. Usitegemee hatua zilingane. Tanki ni pana juu na jembamba chini, kwa hiyo kutoka F hadi nusu utakwenda mbali na utajisifu, halafu kutoka nusu hadi E itakuwa ghafla. Si ubovu. Pia usome pikipiki ikiwa wima. Ikiegemea stendi ya pembeni mafuta yanahamia mfuko wa kushoto na boya langu, lililo kushoto, linasoma zaidi ya yaliyopo.

Ikigoma

Mshale umelala E daima: chomoa soketi, gusisha upande wa S na ethi kwa sekunde moja. Ukipanda, geji ni nzima, tafuta waya uliokatika kwenda tankini au ethi ya boya. Usipopanda, angalia fyuzi na umeme wa I. Mshale umeganda F: chomoa soketi. Ukishuka, boya au waya wake wa ndani umegusa bati. Usiposhuka, waya wa S umekwanguka mahali kwenye fremu. Lakini kumbuka kwamba geji nyingine ufunguo ukizimwa huacha mshale palepale ulipokuwa, kwa hiyo hukumu ukiwa umewasha. Mshale unarukaruka barabarani: mafuta yanacheza. Geji zenye kilainishi ndani hutulia zenyewe, nyingine utalazimika kuzisoma ukiwa umesimama.

Na ile taa ya akiba niliyoiahidi. Ndani ya tanki kuna punje ndogo inayopozwa na petroli. Ikizama ukinzani wake unakuwa mkubwa na taa haiwaki, ikibaki hewani inapata joto, ukinzani unashuka, taa inawaka baada ya muda mfupi. Punje hiyo imepangwa ifanye kazi na balbu ya nyuzi ya wati fulani, mara nyingi kama 3.4. Watu wakibadilisha balbu zote za dashibodi kuwa LED hubadilisha na hii, halafu taa inawaka hafifu muda wote au haiwaki kabisa. Rudisha balbu ya nyuzi kwenye nafasi hiyo moja.

Ukimaliza, andika kwenye kipande cha karatasi omu za tupu na za kujaa, lita za akiba na rangi za nyaya ulizotumia, uifunge kwenye nailoni na kuibana chini ya kiti pamoja na fyuzi moja ya ziada.